Faili la Mfano

Dukani, mtaa wa Sakina, jioni

Kwako Upendo,

Utaikuta barua hii kwenye mfuko wa laptop, na najua utanuna kidogo kwamba sikukupa mkononi. Ninunie tu. Nimejaribu kuongea nawe tangu Jumanne, nikashindwa. Miaka yote hii nimewapangia watu maneno yao ya mwisho, yakakaa vizuri mistari yote, na yangu mwenyewe hayataki kutoka mdomoni.

Sasa hivi uko Kikwe, kwao mama yako, kumuaga Bibi. Nimefunga mlango wa duka nusu, wateja wajue nipo lakini sitaki kusumbuliwa, na bado mmoja ameingiza kichwa kuuliza kama natoa kopi. Nimemwambia mashine ni mbovu. Fundi wa jirani anagonga bodi ya gari tangu mchana na sijapata neno la kumwambia anyamaze, kwa sababu na yeye anatafuta riziki yake. Mlima leo haujatoka mawinguni hata kidogo.

Mambo ya kugawa hela sehemu mbili, kufunga sanduku na kufuli na kuchemsha maji sitakuandikia. Shangazi yako amekwisha kuyasema yote, na kesho stendi atayarudia kwa sauti mbele ya watu. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua.

Jumanne uliweka ile programu ya kupanga kurasa kwenye laptop yako, kwa kuwa chuo kimesema ripoti zenu za hesabu ziandikwe nayo. Nilifurahi sana nikajikausha. Baba mwenye duka la steshenari Sakina hana mengi ambayo mwanawe atayahitaji chuo kikuu, na hilo lilikuwa mojawapo. Nikachukua flashi nikakuhamishia folda yangu yote ya violezo vya kazi, ile ninayoibeba toka mashine hadi mashine. Nilikuambia pale pale kwamba nimesahau hata kilichomo ndani. Si kweli, na nitafika huko.

Ukafanya anachofanya kila mtu akishaweka programu mpya: ukatafuta faili la kujaribia, uone kama kitu kinafanya kazi. Ukalikuta moja limeitwa mfano. Ukaliendesha. Ukurasa ukatoka safi, fremu nyeusi, msalaba juu, nafasi ya picha, na chini yake: Ratiba ya Mazishi ya Marehemu Ndeshukurwa Eliakunda Pallangyo. Mama yako. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, hukuishia hapo. Ukaangalia faili liliandikwa lini, ukakuta liliandikwa mwaka mzima kabla hajafa.

Ulikuja dukani umeishika laptop wazi mikononi. Ulimsubiri mteja atoke kwanza, na kwa hilo nakushukuru.

"Baba," ukasema, "Mama alikuwa hai."

"Funga hicho kitu."

"Alikuwa hai, Baba. Alikuwa ananipikia uji. Na wewe umemwandikia ratiba."

"Nimesema funga."

"Basi ifute. Itoe yote kabla sijasafiri. Siendi nayo hivi."

Ukaiweka juu ya kaunta ukaondoka. Tangu hapo unanipa shikamoo ya asubuhi na shikamoo ya jioni kama unavyompa balozi wa nyumba kumi, na mimi naitikia marahaba na kujifanya natafuta miwani. Nyumba yetu ni ndogo kwa kimya cha namna hiyo. Sikutaka uondoke nacho, ndiyo maana naandika.

Nianze na kazi yenyewe, maana ulikulia ndani yake na sijawahi kukueleza. Zamani ratiba za mazishi nilikuwa nazitengeneza kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kama wenzangu wote. Ikawa ni mateso. Unapanga vizuri hapa, ukilipeleka faili kwenye printa nyingine picha inahama. Kuna mazishi ya mzee fulani huko juu mlimani, kwaya ilisimama kuimba, ubeti wa mwisho ukawa umejificha chini ya paji la uso la marehemu. Wakaimba beti mbili wakakaa. Hakuna aliyenilaumu, ila nilitamani ardhi inimeze pamoja na yule mzee.

Ndipo mwenzangu mmoja niliyefanya naye kazi kwenye uchapaji akanipa hii programu kwenye sahani ya CD, ile ambayo jina lake lina herufi zinazopanda na kushuka. Kuiweka tu kulichukua siku nzima, na umeme ulipokatika nikaanza upya. Lakini ilikuwa programu ya tabia yangu. Haikupi vitufe vya kuchezea. Unaiandikia amri, nayo inatii. Ukiiambia jina likae katikati, linakaa katikati mpaka Yesu arudi.

Kilichonisumbua kilikuwa majina yetu. Wewe unajua wazee wa huku walivyo. Mtu anakuwa na jina alilopewa, jina la baba na jina la ukoo, yote yakiwa marefu, na kwenye ratiba hawataki likatwe. Jina la marehemu likivunjika, nusu ikaanguka mstari wa pili, kuna mzee atakayeikunja ile karatasi na kuiweka mfukoni bila kuisoma. Atasema mmemkata mtu wetu. Kwa hiyo mstari wa jina nilitaka niupime vizuri, na kuupima nilihitaji jina refu kuliko yote nitakayokutana nayo.

Mama yako alikuwa amekaa chini pale kwenye mkeka, anakunja ratiba za mtu kwa rula. Alikuwa akizikunja haraka kuliko mashine yoyote. Akanisikia nanung'unika.

"Unahangaika kutafuta jina refu," akasema, "na umelioa?"

Nikacheka.

"Weka langu. Binti Pallangyo hashindwi na mstari."

Nikaliandika. Hilo usimtupie yeye, Upendo. Alitania, na aliyeweka vidole kwenye herufi ni mimi. Ningeweza kuandika Fulani wa Fulani. Lakini tulikuwa vijana, duka lilikuwa limeanza kushika, na tulikuwa tunakula kwa vifo vya watu kila siku hadi neno marehemu kwetu likawa kama neno sukari. Nadhani hilo ndilo lililotuharibu. Ukishika kitu kizito kila siku, mkono unasahau uzito wake.

Likaenea kwenye mstari mmoja, barabara. Akainuka kuja kuangalia, akalisoma kwa sauti ya mwinjilisti wetu, ile ya kuvuta, akacheka mpaka akashika meza. Kisha hakuniacha. Akataka na kurasa za ndani zijazwe. "Utajuaje kama historia inakaa vizuri na hujaandika historia?" Akavuta stuli, akaanza kunitamkia. Marehemu alizaliwa Kikwe, akiwa mtoto aliyekataa kunyonya mpaka aimbiwe. Marehemu alisoma mpaka alipochoka. Marehemu alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, ingawa wengine walimwonea wivu. Na mwisho kabisa, pale tunapoandika waliobaki, akaniambia niandike: ameacha mume mmoja mkaidi na mtoto mmoja, Upendo.

Nikaandika yote. Tukaprinti nakala moja.

Wewe ulikuwa mdogo, unajua kusoma jina lako tu. Ukaliona kwenye ukurasa wa nyuma, Upendo, limechapwa kama majina ya watu wakubwa, ukaichukua ile karatasi kama zawadi. Ukaipaka rangi. Msalaba ukaupaka kijani, fremu ukaizungushia maua. Jumamosi tulipokwenda Kikwe uliibeba kwa siri ndani ya gauni, ukampelekea Bibi jikoni.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Bibi alichoma picha yako siku ile. Nilikuwa nakuambia ilikuwa chafu. Haikuwa chafu. Bibi alisoma shule ya misheni, anasoma vizuri kuliko alivyowahi kukuonyesha. Aliisoma ya mbele, akaifungua akasoma na ya ndani, akaiingiza kwenye moto huku wewe unalia. Halafu akatoka nje tulipokuwa tumekaa na babu yako, akanitazama mimi, si mwanawe.

"Baba Upendo," akasema, "mtu haandikwi akiwa bado anakula."

"Ni majaribio tu, Mama. Ni mashine."

"Mashine haina mama. Mimi ndiye mama."

Alituwekea ndizi na nyama kama kawaida, akatuombea tulipoondoka, sala ndefu kuliko siku zote, akarudia jina la mama yako mara nyingi. Hukufanya kosa lolote siku ile, mwanangu. Ulipeleka jina lako kwa mtu uliyempenda. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Tulipofika nyumbani, mama yako akiwa anakuvua viatu, wewe umelala, akaniambia, "Toa jina langu kwenye ile mashine. Siyo kwamba naamini. Toa tu, mama apate usingizi."

Nikasema nitatoa. Na hapa ndipo lilipo kosa langu, ndilo ninalolala nalo. Si kuandika. Kuandika tuliandika wawili, kwa kicheko.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na kazi ya watu, na vilevile programu ilikuwa imeanza kunisumbua, nilitaka kuweka toleo jipya. Nikasema naua ndege wangu wote kwa siku moja. Nikaenda pale penye orodha ya programu, nikabonyeza ondoa. Mstari ukatembea polepole mpaka mwisho, ikaniandikia kwamba imeondolewa kikamilifu. Nikaweka toleo jipya. Mchana mama yako akaja na chai, akauliza, "Umetoa?" Nikasema, "Imetoka yote. Hata programu yenyewe niliing'oa." Akasema ahsante, akanimiminia chai.

Sasa nikueleze kitu ambacho utakijua mwenyewe ukiizoea. Ukiiondoa ile programu, inaondoka na vyake tu. Vile ulivyotengeneza wewe, mashine inaviheshimu. Inaviacha kwenye folda yako, haivigusi, ili siku ukirudi uvikute. Ni ustaarabu mzuri. Nilikuwa naujua, Upendo. Ndiyo maana asubuhi ile sikuhangaika kunakili violezo vyangu popote kabla ya kubonyeza. Nilijua vitabaki salama. Basi kama nilijua violezo vyangu vimebaki, jina lake nililijuaje kwamba limetoka? Nimejiuliza swali hilo mpaka limekuwa laini. Jibu ni kwamba sikutaka kwenda kuangalia. Kazi ilikuwa nyingi, na neno imeondolewa lilinitosha. Nilifanya nusu, nikamwambia mke wangu nimemaliza, naye akaniamini.

Mwaka ukapita. Hatukuongea tena habari hiyo. Yeye aliendelea kuimba, kukunja, kunitania. Halafu asubuhi moja akashika kichwa pale jikoni, akaomba maji, akaanguka kabla hujamfikishia kikombe. Hilo unalikumbuka, sitalirudia. Daktari alisema presha, na kwamba huenda alikuwa nayo muda mrefu bila kujua. Namwamini daktari. Nataka uandike hilo kichwani kwa wino: namwamini daktari.

Watu walipojaa nyumbani, shemeji yangu akanijia taratibu. "Shemeji, pole sana. Lakini ratiba utaitengeneza wewe. Nani mwingine?" Na kweli, nani mwingine. Nikaja hapa dukani nikiwa nimevaa ndala mbili zisizofanana. Nikawasha kompyuta. Nikafungua folda ya violezo kuchukua kimoja, na faili la mfano likawa pale, la kwanza. Nililiendesha bila kufikiri, kwa mazoea ya mkono. Akatoka.

Nimekaa kwenye kiti hiki nikawaandikia mamia ya watu, na kila mara kuna kazi: kuuliza jina la ubatizo, kuuliza shule, kumsubiri shangazi apige simu kuhakikisha mwaka. Kwa mama yako hapakuwa na kazi. Kila kitu kilikuwa tayari. Kikwe ilikuwepo, shule ilikuwepo, kwaya ilikuwepo, wewe ulikuwepo. Sikuwa na cha kuandika ila tarehe. Na cha kufuta kilikuwa mizaha yake. Nilifuta kunyonya kwa kuimbiwa. Nilifuta wivu wa wanakwaya. Nikafika mwisho, nikaweka kidole kwenye neno mkaidi, nikakaa hivyo mpaka shemeji akaja kunigongea mlango. Kisha nikalifuta na hilo, nikahifadhi kwa jina jingine, nikaprinti.

Mazishini wazee walisifu. Mzee mmoja wa ukoo wa Pallangyo aliishika karatasi mbali na macho akasema jina la binti yetu limekaa vizuri, limenyooka. Nikasema ahsante, Mzee. Bibi alipopewa yake hakuifungua. Aliigeuza mbele na nyuma, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama kwenye migomba, akasema kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, "Hii karatasi naifahamu."

Mpaka leo hatujawahi kuongea juu yake, na kila Krismasi ananiwekea nyama kubwa kuliko wanawe. Sijui kama ni msamaha au ni adhabu. Naila tu.

Baada ya matanga niliitoa programu. Niliapa sitagusa ratiba tena, nitatoa kopi na kuuza kalamu. Nilidumu mpaka msiba wa kwanza wa jirani. Wakaja wanalia, nikaiweka tena, na nilipoiweka, mfano ukatokea. Nilipata hofu nikazima swichi ya ukutani. Nikaitoa tena. Nikabadili na kompyuta kabisa. Akatokea na kwenye mpya. Kuna wakati nilimfuata mchungaji, nikamwambia dukani kwangu kuna kitu. Alikuja akaomba, akaweka mkono hata juu ya printa, akanunua bahasha akaenda.

Ila hapakuwa na kitu, Upendo. Nilikuwa namdanganya mchungaji. Kila nilipohamia mashine mpya, ni mimi niliyekuwa naibeba ile folda kwa flashi na kuiweka mahali pake. Kila nilipoweka programu, ni mimi niliyeliendesha faili la mfano kuona kama inafanya kazi. Nilikuwa namwita mwenyewe, kisha nashtuka amekuja.

Unajua kwa nini. Wewe Jumanne uliona ukurasa wa mbele tu. Hukufungua wa ndani. Kwenye ratiba ya kweli, ile iliyogawiwa watu, mama yako ni marehemu kama marehemu wengine: mcha Mungu, mpole, mwenye kujituma. Kwenye faili la mfano bado anakataa kunyonya mpaka aimbiwe. Bado wanakwaya wanamwonea wivu. Bado mimi ni mkaidi. Sina sauti yake kwenye simu yoyote, wakati ule simu zetu zilikuwa za kubonyeza. Pale ndipo mahali pekee ninapomsikia anaongea, na ni ndani ya ratiba ya mazishi yake, niliyomdanganya kwamba nimeiondoa. Nifanyeje?

Niliweka folda ile kwenye laptop yako nikiwa na akili zangu. Nilitaka umkute. Nilitarajia ungefungua ndani ucheke. Sikufikiria kwamba wa kwanza utakayemwona ni yule wa kwenye fremu nyeusi, wala kwamba ungekuwa peke yako ukimwona. Nilikuachia kazi ya kuongea niliyopaswa kuifanya mimi, na ulipokuja kuniuliza nikakufokea. Utanijua hivyo siku zote: nikiogopa, nafoka. Kuna baba mmoja wa Lemara alikuja hapa kutengeneza ratiba ya mzee wake aliyekuwa hospitali, bado anapumua. "Tujiandae tu, kaka, unajua hali." Mtu wa watu, mpole, hana baya. Nilimfukuza kwa matusi mbele ya wateja, akatoka amebeba picha ya baba yake kifuani. Alistahili kiti na maji ya kunywa. Wewe nawe ulistahili hivyo hivyo Jumanne.

Ukiniuliza kama karatasi ile ilimuua, nitakujibu kwamba namwamini daktari. Ukiniuliza tena, usiku, nitakaa kimya. Nimezeeka bila kuweza kuunganisha hayo mawili na sidhani nitaweza. Wewe una hesabu zako, labda utaniona mjinga. Nione tu. Ila siku ukimwambia mtu umemaliza jambo alilokuomba, nenda kwanza ukaangalie. Sisemi kama mwalimu. Nasema kwa sababu chai ile aliyonimiminia bado naionja.

Sasa kuhusu laptop. Nimefanya ulivyosema.

Leo mchana niliondoa programu. Mstari ukatembea, ikaniambia imeondolewa kikamilifu, nikaiambia kwa sauti kwamba safari hii hunidanganyi. Nikaingia kwenye folda, nikafuta faili moja baada ya jingine kwa mkono wangu. La mfano nililiweka mwisho. Kisha nikamwaga na pipa la takataka. Kisha nikaenda kuangalia. Nikaandika jina la mama yako pale pa kutafutia, nikaiacha mashine ipekue kila mahali, mpaka kona ambazo sijui zina kazi gani. Ikachukua muda. Ikasema hakuna kilichopatikana.

Nilitakiwa kufurahi. Nilikaa nikiyatazama maneno yale mpaka skrini ikazimika yenyewe, na nililia, Upendo, hapa hapa kaunta, mtu akanikuta akaniuliza kama ninauza daftari za kurasa mia. Nikamuuzia.

Kwenye mashine ya dukani mama yako bado yupo. Huyo ni wangu, na kosa ni langu, nitabaki navyo vyote viwili. Ukirudi likizo ukataka kumsoma, nitakufungulia ukurasa wa ndani, nitakaa karibu. Usipotaka, sitakuuliza.

Baada ya hapo nikakuwekea programu upya, kwa bando langu, kwa hiyo usiniambie sijawahi kukutolea. Imekubali vizuri. Nikakutengenezea kiolezo kipya cha ripoti: kichwa cha habari, jina la mwandishi, kurasa zenye nafasi ya kupumua. Kikabaki kitu kimoja, kukijaribu. Unajua haiwezekani kukabidhi kazi bila kuijaribu. Nikaandika kichwa cha habari chochote. Nikashuka kwenye mstari wa jina la mwandishi, na vidole vikaanza kuandika Upendo, vikafika herufi ya tatu. Nikavitoa kwenye kibodi kama vimeungua. Nikafuta. Nikarudi nyuma kuangalia kama imefutika kweli.

Kwa hiyo utakuta mstari ule uko wazi. Sikuujaribu. Ni kazi ya kwanza katika maisha yangu ninayoikabidhi bila kuijaribu, na kama kuna hitilafu utanipigia simu unicheke. Jina lako utaliandika mwenyewe, ukishafika, ukishakula, ukiwa mzima. Liandike lote, la kwako, la kwangu na la ukoo. Usiogope urefu, halitakatika. Mstari huo niliupima zamani kwa jina la mama yako, na kipimo chake sijakipunguza.

Nenda na Mungu, mwanangu.

Baba yako,
mume mmoja mkaidi